Wanafunzi wa sheria, likizo hii pandeni treni mje Tabora!

NDUGU msomaji, kila mwaka vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wanaosoma sheria hukabidhiwa barua ya chuo na daftari la kuandika kazi za kila siku, wakaambiwa: nendeni mkatafute ofisi, mkajifunze kazi kwa vitendo. Swali ninalotaka tujiulize wiki hii ni dogo tu. Vijana hao huwa wanakwenda wapi?

Nakujibu mwenyewe. Wengi wanakimbilia Dar es Salaam. Wa Mlimani hawaondoki Dar. Wa Mzumbe wanakwenda Dar. Wa Iringa, Dodoma na hata Mtakatifu Augustino kule Mwanza, wengi wao macho yako Dar. Kisa? Ndiko ziliko kampuni kubwa za uwakili zenye viyoyozi, ndiko yalikojazana mashirika yanayoshughulikia haki za binadamu, na ndiko aliko mjomba mwenye chumba cha kulala bure. Asiye na mjomba Dar anarudi kwao, anagongewa mhuri na ofisi yoyote ile, likizo inakwisha.

Utaniuliza wewe kijana wa Ng'ambo, Isevya au Kiloleni hapa Tabora: "Hayo ya wasomi yananihusu nini mimi niliyeishia kidato cha nne?" Mimi pia niliishia hapo hapo, kwa hiyo usidhani nakusemea kutoka juu ya mti. Yanakuhusu sana, pengine kuliko yanavyomhusu mwanafunzi mwenyewe.

Siku difenda litakaposimama kijiweni

Siku difenda la polisi litakaposimama kijiweni kwenu, ukarushwa nyuma pamoja na wenzako kwa kosa linaloitwa uzururaji, hutauliza mkuu wa kitivo cha sheria Mlimani ni nani. Utauliza kitu kimoja: hapa nani anajua sheria?

Hilo kosa la uzururaji lina historia yake. Mkoloni Mwingereza ndiye aliyetuletea, akaliweka katika Kanuni ya Adhabu ili Mwafrika asiye na kazi ya kumtumikia bwana asionekane mjini. Mkoloni alifunga virago mwaka 1961, sheria yake ikabaki. Mwaka 1983 serikali yetu wenyewe ikaongeza ya kwake, Sheria ya Nguvu Kazi, vijana wakasombwa mijini kama magunia ya karanga kupelekwa vijijini eti wakazalishe mali.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuambiwa. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kumkamata mtu kwa sababu tu hana kazi au hana makazi yanayoeleweka zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Maoni hayo yaliombwa na chama cha wanasheria wa Afrika nzima. Je, uliwahi kusikia yakitangazwa kwa kipaza sauti stendi ya mabasi? Nani angekutangazia? Wanaoyajua wako Dar na Arusha, wanayajadili kwenye makongamano yenye chai na sambusa.

Mambo mengine ni madogo kiasi kwamba yanatia uchungu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema kwamba ukikamatwa bila hati, ikionekana haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, na kosa lenyewe si zito, mkuu wa kituo akuachie kwa dhamana. Dhamana hiyo haina bei. Inataka mdhamini na saini. Lakini waulize vijana wanaolala selo Ijumaa mpaka Jumatatu, wangapi wanajua hivyo?

Au chukua suala la rufaa. Aliyehukumiwa katika kesi ya jinai na mahakama ya wilaya anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha apeleke sababu zake Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Siku ya 31 mlango umefungwa, na kuufungua tena unahitaji maombi mengine na maelezo ya kwa nini ulichelewa. Notisi yenyewe ni karatasi moja. Mfungwa asiyejua kusoma anahitaji mtu wa kumwandikia karatasi moja!

Mimi hukaa sana kwenye mabenchi ya mahakama za mwanzo nikitafuta habari za kuuza magazetini. Siku moja nilimwona kijana anayeshitakiwa kwa wizi wa simu akiulizwa kama shtaka ni kweli au si kweli. Akajibu: "Ni kweli simu nilikuwa nayo, lakini alinipa mwenyewe iwe rehani ya deni langu." Yaliyoandikwa ni yale maneno mawili ya mwanzo, "ni kweli". Akapewa miezi sita. Baadaye nilimsimulia mwanafunzi mmoja wa sheria wa mwaka wa pili, akashika kichwa. Akaniambia kwamba jibu la namna ile si kukiri kosa hata kidogo; linapaswa kuandikwa lote kama lilivyo, ichukuliwe kuwa mshitakiwa amekana, na kesi isikilizwe kwa mashahidi. Mwaka wa pili tu! Kama angekuwa amekaa kwenye benchi lile siku ile, akamtafuta wakili au msaidizi wa kisheria mchana ule ule, rufaa ingekatwa kabla ya wiki kwisha.

Njia ya misafara ilienda upande mmoja

Wakubwa wetu wakiizungumzia Tabora, wanaizungumzia kama mahali pa kupita, pa kubadilishia treni ya Kigoma na ya Mwanza. Wanasahau kwamba huu ndio uliokuwa moyo wa njia ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika vilipita hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Mabega ya Wanyamwezi ndiyo yaliyokuwa malori ya wakati ule. Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, aliwafundisha wafanyabiashara kwamba njia ina wenyewe. Mtemi Isike, mwaka 1893, alijilipua kwa baruti ngomeni mwake kuliko kumnyooshea Mjerumani mikono. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, wakati wa Mwingereza. Watu ambao babu zao walifungwa minyororo kwenye barabara hii wangali hai miongoni mwetu.

Kinachonisikitisha ni kwamba njia ile haijabadilika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo kila kitu kinateremka kuelekea pwani: asali, karanga, tumbaku, mbao, dhahabu ya jirani zetu wa Kahama. Na akili pia. Shule ya Wavulana Tabora imewasomesha watu waliokuja kuongoza nchi, Mwalimu Nyerere akiwemo, aliyesoma pale kuanzia 1937 mpaka 1942. Lakini mwenye kichwa akishapata cheti chake, anapanda treni, na kurudi ni kwenye mazishi.

Hata haki zenyewe zina deni na mji huu. Januari 1958 TANU ilikutana hapa hapa na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliofungua njia ya uhuru. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa Waziri wa Sheria miaka ya mwanzo ya uhuru, akajiuzulu 1963. Kasanga Tumbo, mtu wa mkoa huu, aliyewaongoza wafanyakazi wa reli katika mgomo mkubwa na baadaye akaunda chama chake, aliwekwa kizuizini mwaka 1964 bila kesi wala hakimu. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya mwaka 1962 iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Ilikuwa miongoni mwa sheria 40 ambazo Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizitaja kuwa zinahitaji kufutwa au kurekebishwa. Sasa mji wenye historia hiyo unakosaje hata kijana mmoja wa chuo kikuu wa kuandika majina ya mahabusu wake?

Kazi iko huku, wao wako kule

Hebu twende safari ya misafara kinyumenyume, kutoka mashariki kwenda ziwani, tuhesabu kazi zinazomsubiri mwanafunzi wa sheria.

Anzia Igunga na Nzega. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linakatiza wilaya hizo. Kila mwenye shamba lililopitiwa alitakiwa kusaini karatasi za fidia. Nani aliketi na mzee wa kijijini akamsomea kilichoandikwa kabla hajaweka dole gumba? Huku huku ndiko sungusungu walikozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi. Wamesaidia sana, hatukatai. Lakini mtuhumiwa anapohukumiwa chini ya mti, akatozwa faini ya ng'ombe au akatengwa na kijiji kizima bila kujitetea, Ibara ya 13 ya Katiba inayosema kila mtu ana haki ya kusikilizwa kikamilifu iko wapi? Na wale bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, familia zao zilikwenda kwa nani?

Njoo Tabora mjini. Tuna Mahakama Kuu, tuna Gereza la Uyui, tuna mahakama za ngazi zote. Teremka Urambo na Kaliua kwenye tumbaku. Shirika la Kazi Duniani lilikwishachunguza ajira ya watoto katika mashamba ya Urambo, na miradi ya kuiondoa ikaja ikaondoka. Mikataba ya vibarua wanaotoka mikoa mingine ni ya mdomo tu. Mtu analima msimu mzima, siku ya malipo anaambiwa amekula zaidi ya alichozalisha.

Hapo hapo kuna Ulyankulu, walikopokewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ni jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya, na sifa tunastahili. Lakini uraia ni karatasi, na karatasi hupotea, huandikwa jina kimakosa, huulizwa na kila ofisa mwenye njaa. Endelea mpaka Kasulu, kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Watoto waliozaliwa humo wamekuwa watu wazima. Maliza Ujiji, kwenye mwembe wa Livingstone, ambako watalii hupiga picha.

Na sijataja binti zetu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Tabora wanawake 58 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Shinyanga tu ndiyo iliyotuzidi, kwa 59. Halafu mwanafunzi anayetaka kujifunza haki za binadamu anakwenda kujifunzia Mikocheni!

Wamarekani wanalipiwa, wetu wanakopa nauli

Vijana wa vyuo vikuu vya Marekani huja Afrika Mashariki Juni mpaka Agosti, ambayo kwao ni likizo ya kiangazi. Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha programu yake ya haki za binadamu mwaka 1984, na kupitia humo mwanafunzi wa sheria hulipiwa kwenda kufanya kazi na mashirika ya nchi za mbali wakati wa likizo. Vyuo vingine vya huko vina mifuko ya namna hiyo hiyo. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilipokuwa Arusha, kuanzia 1995 mpaka 2015, iliwapokea wanafunzi na wahitimu wa sheria kutoka duniani kote. Hawakulipwa mshahara na mahakama, lakini wengi walikuwa na chuo au baba nyuma yao.

Simchukii Mmarekani. Akija akasaidia, karibu. Ninachosema ni kwamba mwenzake wa Tanzania, anayejua Kiswahili, Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha, anayeweza kuongea na mahabusu bila mkalimani, hana wa kumlipia hata nauli ya daraja la tatu kutoka Dar mpaka hapa, kilometa 840. Mwenye mkopo anapewa posho kidogo ya mafunzo kwa vitendo, na siku nyingine inafika mafunzo yakiwa yamekwisha. Asiye na mkopo anajitegemea. Matokeo yake, kazi ya haki za binadamu inakuwa ya mtoto wa mwenye nacho, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukaa wiki nane bila kulipwa. Mtoto wa mkulima wa Sikonge, ambaye anajua dhuluma kwa ngozi yake, anakwenda kubandika stempu kwenye ofisi ya halmashauri ili apate mhuri.

Na hata huko Dar, wengi wanapewa kazi gani? Kupiga fotokopi, kupeleka barua, kupanga mafaili na kuagiza chai. Daftari la kazi linajazwa usiku wa mwisho. Baada ya hapo tunashangaa. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, na kila mtu akawa na sababu yake. Wengine wakawalaumu walimu, wengine wanafunzi, wengine Kiingereza. Mimi naongeza ya kwangu: mtu anafika pale akiwa na digrii mkononi, hajawahi kukaa na mahabusu hata mmoja akamsikiliza mpaka mwisho.

Vijana wakiamua, inawezekana

Usije ukadhani nazungumzia ndoto. Nchi hii imeona wanasheria vijana wakifanya makubwa.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, lakini serikali ikajipa muda, na mwananchi hakuweza kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988. Zilipofunguliwa, hazikupata nguvu zao Dar. Ilikuwa kanda ya ziwa, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, aliyeamua kesi ya Daudi Pete wa Musoma kuhusu haki ya dhamana, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono kwamba kifungu kile kilikuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 1990 jaji huyo huyo aliamua, katika kesi iliyotoka Bukoba, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo kama mwanamume.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo walifukuzwa Bulyanhulu, Kahama. Mahakama Kuu hapa Tabora ilitoa amri ya kuzuia wasiondolewe, lakini wakaondolewa. Yaliyotokea kwenye yale mashimo yalibishaniwa kwa miaka mingi, na waliolishikilia suala hilo walikuwa wanasheria vijana wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira kilichoanzishwa 1994. Baadhi yao, Tundu Lissu akiwemo, walifunguliwa kesi ya uchochezi mwaka 2002. Waliojua habari hizo walikwenda wenyewe vijijini wakaongea na watu. Habari hazikuwafuata ofisini.

Tarehe 8 Julai 2016 Rebeca Gyumi, binti aliyesoma sheria Mlimani, alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hakuwa mzee wa mvi na joho refu.

Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ilisema Tanzania ilivunja haki za Alex Thomas, mfungwa wa miaka 30 ambaye alijitetea mwenyewe bila kupewa wakili katika kesi nzito ya unyang'anyi wa silaha. Baada yake wafungwa wengi wakaandika kwenda Arusha. Serikali yetu ikafanya nini? Novemba 2019 ikatangaza kuondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe kwenye mahakama hiyo. Mlango wa Arusha umefungwa. Ndiyo maana milango ya hapa nyumbani inahitaji watu wa kuigonga zaidi kuliko zamani.

Majirani wametutangulia. Malawi, nchi isiyotuzidi utajiri, mwaka 2000 ilianza kuwapeleka wasaidizi wa kisheria magerezani. Wanakaa na mahabusu, wanawafundisha dhamana na kujitetea kwa michezo ya kuigiza, na wanaandika orodha ya waliosahauliwa. Kampala, wanafunzi wa Law Development Centre wana kliniki ya kuwahudumia maskini, na wanasimama nao mahakamani chini ya usimamizi wa mawakili. Hata hapa kwetu Mlimani, kitivo kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi 14 tu, kimekuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960. Mbegu tunayo. Tumeipanda kwenye chungu kimoja, pale Dar.

Tunataka nini?

Watasema hakuna fedha. Fedha za semina za kujenga uwezo zipo kila wiki. Watasema wanafunzi hawajaiva. Hatuwaombi wawe mawakili. Tunawaomba wawe wanafunzi mahali penye kazi. Nataja mambo manne, na nataka uyakariri uyaseme kijiweni.

La kwanza, vyuo vyote vya sheria vitenge angalau sehemu ya wanafunzi wao kila likizo ndefu waende mikoa ya magharibi, Tabora na Kigoma, na chuo kilipe nauli na chumba. Anayekwenda apate alama zaidi ya aliyekaa kupiga fotokopi.

La pili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoanzishwa 1995, pamoja na mashirika mengine makubwa yenye wafadhili, yasiwapokee wanafunzi ofisini kwao Dar peke yake. Wafanyeni wajumbe wenu huku. Ripoti zenu za kila mwaka zitanenepa kwa habari za kwanza, badala ya kukusanya vipande vya magazeti tunavyoandika sisi kwa njaa zetu.

La tatu, mawakili wa Tabora, ambao si wengi, wakubali kuwasimamia. Mwanafunzi asiachwe peke yake aandike nyaraka za mtu. Lakini kwenda Uyui na wakili, kuandika jina la kila mahabusu, kosa lake, tarehe aliyokamatwa, mara ngapi kesi imeahirishwa kwa wimbo wa "upelelezi haujakamilika", na kama alipewa masharti ya dhamana akashindwa kuyatimiza, hiyo ni kazi ya daftari na kalamu. Orodha kama hiyo ikifika mezani kwa Jaji Mfawidhi na kwa mkuu wa mashtaka, lazima mtu ajibu.

La nne, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi mwanafunzi akija, atuachie kitu: karatasi moja ya Kiswahili kuhusu dhamana, moja kuhusu rufaa, moja kuhusu mkataba wa kibarua. Zibandikwe stendi, stesheni na kwenye vibanda vya kuuzia vocha.

Na wewe, kijana wa kijiweni, usikae ukisubiri mgeni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na haikudai uwe na digrii. Inadai upate mafunzo yanayotambuliwa na usajiliwe. Wewe mwendesha bodaboda unayejua kila kituo cha polisi na kila karani wa mahakama, ungeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi. Mwanafunzi anakaa wiki nane, anaondoka. Utakayebaki ni wewe. Akija, msimwite "msomi" kwa kejeli. Mkalisheni, mnunulieni chai, mwelezeni kesi zenu moja baada ya nyingine, naye awafundishe kuandika notisi ya rufaa. Akirudi chuoni atakuwa mwanasheria zaidi ya alivyokuja, na ninyi mtakuwa na watu kumi wanaojua siku 10 ni siku 10.

Diwani wako na mbunge wako wakija kuomba kura, waulize: mmezungumza na chuo gani ili kituletee wanafunzi wa sheria? Wakijiumauma, unajua la kufanya.

Gazeti hili ukishalisoma usifungie maandazi. Kama una dada, kaka au jirani anayesoma sheria popote nchini, mtumie. Mwambie treni ya Kigoma inasimama Tabora, na mwenyeji wa kumpokea stesheni yupo.